Siku Arielle Alipopima Kisima cha Ubatizo

Arielle alipopata kazi ya maji, kanisa zima lilifurahi, na juma hilohilo kanisa zima likaanza kumletea mabomba. Mama mmoja anayeishi mtaa wa Tumba alimshika mkono baada ya ibada akamweleza kwamba bafu lake linavuja. Mwingine alikuja na bomba lenyewe ndani ya mkoba, amelifunga kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Arielle alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Mama zangu, mimi si fundi bomba!"

"Si unafanya kazi ya maji?"

"Maji ya mvua, mama. Mafuriko. Ninasoma yanakotoka, yanakopita na yatakakosimama."

"Basi haya yangu yanatoka ukutani, yanapita jikoni, yamesimama chini ya kitanda. Njoo uyasome."

Nami nilikuwa nimekaa hapo nikikunja kanzu za ubatizo, maana mimi ndiye ninayezishona na kuzifua. Watu wananiita Mama Jonathan. Arielle ananiita Tantine, yaani shangazi, ingawa hatuna damu moja. Nimemjua tangu akiwa mdogo katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kabla mtu yeyote hajaota kwamba sisi watu wa Uvira na Fizi tutakuja kukutana tena Rågsved, mtaa wa Stockholm, kwenye treni ya reli ya kijani, kila mmoja amevaa koti refu kama blanketi.

Kule kambini nyumba yao na yangu zilitenganishwa na njia ya mbuzi tu. Mvua ilipokuwa inakuja, kila mtu alichimba mfereji kuzunguka nyumba yake. Mama yake Arielle alikuwa mgonjwa msimu ule, basi mtoto akatoka na kijiko kilichopinda akachimba mwenyewe. Alichimba vizuri! Alichimba kwa akili! Mvua ilipopiga, kwao hapakuingia hata tone. Maji yote yalifuata mfereji wake, yakakata kona, yakaja moja kwa moja kwangu, yakabeba sufuria yangu na kiatu kimoja cha Baba Jonathan. Nilitoka nimeshika kichwa. Nikamkuta amesimama mlangoni, kijiko mkononi, macho yamemtoka.

"Tantine," aliniambia, "sikujua kwamba yatakwenda kwako."

Kesho yake alikuja na kijiko chake akanichimbia mfereji wangu, na huo ukapeleka maji bondeni kwa wote wawili. Mpaka leo tukikutana na wageni, namtambulisha hivi: huyu ni mhandisi, na nyumba ya kwanza aliyoifurikisha ni yangu.

Kazi yenyewe ni hivi, kama mimi wa darasa la sita nilivyoielewa. Siku nyingi za juma anavaa koti la rangi ya machungwa na buti za mpira, anafuatana na wahandisi wakubwa kutazama mifereji, mabonde na mahali palipo chini. Siku zinazobaki anakaa chuoni na hesabu zake. Analipwa mshahara huku anasoma, na mwisho atapewa digrii, awe mhandisi kamili. Stockholm ina maji kila upande, lakini yanayowanyima wahandisi usingizi si ya ziwa. Ni ya ile mvua kubwa ya ghafla ya kiangazi, inayoanguka juu ya lami na mapaa ikakosa pa kuingia. Arielle akipanda kilima nawe, badala ya kukuonyesha maua anakuonyesha mteremko. "Tantine, ukimwaga chai hapa, itafika mlangoni kwa yule jirani." Nimeacha kumwaga chai.

Sasa niwaambie habari ya kisima.

Kanisa letu linakodi ukumbi wa chini ya ghorofa moja hapa Rågsved. Unashuka ngazi za nje, na chini kabisa kuna kibaraza chenye milango miwili. Wa kushoto ni wetu. Wa kulia ni wa chumba cha kufulia nguo cha wakazi wote, tvättstuga kama tunavyoiita hata tukiwa katikati ya maombi. Ndani ya ukumbi, chini ya mbao za jukwaa, kuna kisima cha ubatizo kilichojengwa na Wasweden wa zamani waliosali hapo kabla yetu. Ukiinua zile mbao unakiona: vigae vyeupe, ngazi ndogo za kushukia, na bomba la maji ya moto. Ndiyo, maji ya moto! Tulipokiona mara ya kwanza mama zetu walipiga vigelegele mpaka wa ghorofa ya juu wakagonga sakafu.

Lakini tangu vuli iliyopita maji yalikuwa yanaingia tvättstuga. Mtu anashuka na kapu lake la mashuka, anakuta sakafu ni dimbwi. Wakazi walilalamika, na malalamiko yote yaliangukia kwa Dominic, msimamizi wa nyumba. Dominic ni Mkenya wa Kisumu, mtu mzuri, ila amechoka. Anatembea na funguo nyingi kiunoni, unamsikia kabla hujamwona. Alitujia Jumapili moja kabla ya sadaka.

"Pasta, mimi sina ubaya na nyinyi. Lakini hapa chini mwenye kuweka maji mengi ni nani? Ni nyinyi. Juzi mlibatiza, kesho yake tvättstuga ikajaa. Kisima kikionekana kinavuja, kitajazwa zege. Na sitangoja."

Pasta Zénon, ambaye ni Mrundi na hapandishi sauti hata akihubiri jehanamu, alimjibu taratibu, "Na kama hakivuji?"

"Kama hakivuji mniambie maji yanatoka wapi, maana mimi nimechoka kupiga deki."

Kanisa lilisikitika, lakini aliyechanganyikiwa zaidi ni mimi. Kwa sababu mume wangu, Édouard, Baba Jonathan mwenyewe, baada ya miaka yote ya kunisindikiza kanisani na kusinzia kiti cha nyuma, alikuwa amekubali kubatizwa. Amekubali! Jumapili ya mwisho wa Aprili! Nilikuwa nimeshamshonea kanzu, kubwa, maana tumbo halikubaki Uvira. Tena alikuwa ameweka sharti lake mbele ya wazee wote.

"Nitabatizwa kisimani, penye maji ya moto. Mkinipeleka ziwani, siendi."

"Papa Édouard," Pasta alimwambia, "Bwana Yesu alibatizwa mtoni."

"Yordani, Pasta. Kwenye jua. Hakubatizwa Magelungen mwezi wa nne."

Magelungen ni ziwa lililo chini ya mtaa wetu, na wakati huo barafu inakuwa imetoka juzi tu. Basi mwone hali yangu. Kisima kikijazwa zege, mume wangu atasema tungoje jengo jipya, na kwa jinsi ninavyomjua, tutangoja mpaka tarumbeta ya mwisho.

Kumbe ofisi ya maji anakofanya kazi Arielle ilikuwa inakagua mtaa mzima kuona mvua kubwa itapita wapi. Dominic akaomba waje na kwetu. Na nani aliyepewa kazi hiyo? Arielle! Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongoza kipimo. Alimwambia mkubwa wake, mama wa Kisweden anayeitwa Nora, kwamba hilo ni kanisa lake, kwamba asije akasemwa amependelea. Nora akamjibu kwamba atasimama kando amwangalie, na atatia sahihi kile tu atakachokiona kwa macho yake. Kipimo kikawekwa Jumamosi, siku moja kabla ya ubatizo.

Ijumaa alasiri nilimpelekea Arielle maharage na ndizi. Mwanadamu ni mdhaifu; chini ya kifuniko cha sufuria nilikuwa na ombi.

"Mwanangu, kesho ukiona kama kuna kaufa kadogo, kadogo tu... huwezi kukafumbia macho mpaka Jumatatu?"

Aliweka kijiko chini. Hakunikasirikia. Alinitazama kama siku ile ya kijiko kilichopinda.

"Tantine, nikifumba macho, maji hayafumbi. Yataendelea kwenda kwa watu. Unakumbuka kiatu cha Papa Édouard?"

"Nakumbuka."

"Basi niombee nione vizuri. Hilo tu."

Nilirudi nyumbani nikapiga magoti na kuomba vilevile alivyosema, aone vizuri. Lakini nilimkumbusha Mungu, kwa heshima, kwamba kanzu imeshashonwa.

Jumamosi asubuhi tulikuwa tumejaa pale kama harusi. Kisima kilikuwa kimejazwa. Arielle alibandika utepe mweupe kwenye vigae, sawasawa na uso wa maji, ili yakipungua tuone. Halafu akatoa kichupa kidogo chenye unga mwekundu. Akatia kiasi cha kijiko cha chai, basi. Wapendwa! Ule unga mwekundu ulipogusa maji ulilipuka kijani! Kijani cha majani mapya, kijani kinachocheka! Kikazunguka, kikatambaa, kikajaza kisima chote. Mama mmoja alisema "Haleluya" kabla hajajua kama inafaa.

"Hiyo ni sumu?" Édouard aliuliza, amesimama mbali, mikono mgongoni.

"Hapana, Papa. Ni rangi ya kufuatia maji. Hata ikiwa kidogo kiasi kwamba jicho halioni, taa hii inaiona." Akatuonyesha kataa ka zambarau, kadogo kama kalamu. "Kisima kikivuja, tutaiona rangi upande wa pili."

"Na kisipovuja?"

"Hatutaona kitu."

Tukatoka wote kufuatana, Arielle mbele, Nora nyuma yake, Dominic na funguo zake, na sisi msururu, tukaingia tvättstuga. Katikati ya sakafu kuna tundu la kupokea maji. Arielle akainua chujio lake.

Kijani.

Ndani ya tundu lile, maji ya kijani. Yametulia, yanatutazama.

"Si ndiyo hiyo!" Dominic alisema. Hakusema kwa furaha, namshuhudia. "Pole, mama zangu. Si ndiyo hiyo."

 Mama Godelieve, kiongozi wa mama wa kanisa, alijifunika uso kwa kitenge. Pasta Zénon akafumba macho. Na nyuma yetu nikasikia sauti ya mume wangu, sauti ya mtu aliyefunguliwa gerezani.

"Basi. Mungu amesema. Tungoje jengo jipya."

"Nyamaza wewe!" nilimwambia, na sikumbuki mara ya mwisho kumwambia hivyo mbele ya watu.

Arielle akasogea. Alipiga magoti sakafuni na buti zake, akainama mpaka pua yake ikakaribia tundu. Akanusa. Akainua kichwa, akanusa tena. Akawasha kale kataa. Maji yale hayakung'aa hata kidogo. Yalibaki hivyohivyo, mazito, yenye usingizi.

"Yananuka msonobari," alisema. "Nani ameosha hapa?"

Mama zetu wakatazamana.

"Mama zangu. Nani ameosha hapa?"

Kitenge cha Mama Godelieve kikashuka kidogo, jicho moja likatokea.

"Tulipita jana," alisema polepole. "Kidogo tu. Wageni wanakuja, mwanangu! Mzungu wa ofisini anakuja! Tumwache aone uchafu wa watu? Tulisugua sakafu, tukasugua ukuta, na lile tundu lilikuwa linanuka, tukalimiminia sabuni. Ile ya kijani, nzuri, ya kopo kubwa."

"Mliimimina kiasi gani?"

"Kopo."

Nora aliuliza kwa Kisweden kuna nini. Arielle alijaribu kumweleza, akashindwa, akajaribu tena, mabega yakaanza kumtikisika. Nora alipoelewa alishika ukuta. Dominic naye alicheka mpaka funguo zikalia. Tulicheka wote, kicheko cha watu waliotolewa kaburini, isipokuwa Édouard, aliyesema kwamba kijani ni kijani.

Basi Arielle akalisafisha lile tundu kwa maji mengi mpaka yakatoka meupe, na kazi ikaanza upya. Hapo ilikuwa ni kungoja. Tulikunywa chai na mandazi. Nora alikula mandazi, akala mengine, akauliza yanapikwaje. Kila mara Arielle alikwenda kisimani kutazama utepe wake, akaenda tvättstuga na taa yake, akatoka nje kufunua mfuniko wa chuma uani na kumulika huko ndani. Nami nilimfuata kwa macho kila alipopita, kama mtu anayengoja daktari nje ya mlango. Hakunipa hata dalili. Uso wake ulikuwa wa kazini.

Mchana aliita watu. Alisimama kando ya kisima.

"Maji yako kwenye utepe palepale. Tvättstuga hakuna rangi. Nje hakuna rangi." Akavuta pumzi. "Kisima hakivuji."

Sitaandika kelele zilizofuata, hazina herufi. Mimi niliruka. Kwa umri huu, na goti langu hili, niliruka! Vigelegele vilipanda hata ghorofani wakagonga sakafu kama zamani, na Pasta Zénon, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alipandisha sauti.

Dominic alingoja tumalize. Akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Sawa. Nimefurahi pamoja nanyi. Lakini nilisema mniambie na maji yanatoka wapi. Nikiwaendea wenye nyumba na kuwaambia si kisima, bila kuwaambia ni nini, zege litakuja tu."

Arielle aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshaliwaza.

"Kila mara yalipoingia, mvua ilinyesha. Hata ile kesho ya ubatizo, nimetazama, ilinyesha usiku kucha. Nahitaji mvua."

Tukatazama madirishani. Jua, anga la bluu, hata wingu la kuazima hakuna.

"Tuombe?" Mama Godelieve aliuliza, na mikono yake ilikuwa tayari hewani.

"Hapana, mama. Tuchote. Nahitaji ndoo."

Mvua kama ile sijaiona tena. Mama zetu walijipanga kutoka jikoni hadi juu ya ngazi za nje, ndoo zikapita mkono kwa mkono, na Arielle juu kabisa akawa anaelekeza: "Mwageni! Polepole... sasa kwa nguvu, mvua imekolea!" Pasta alikuwa amekunja suruali. Nora alikuwa na ndoo yake. Wimbo ulianza wenyewe, wa kutwangia, ndoo zikafuata mdundo. Na mume wangu, ambaye hakutaka kusaidia wala kukosa, alishuka akasimama kwenye kona ya kibaraza, akafungua mwavuli.

"Baba Jonathan, unafanya nini?"

"Si mmesema ni mvua?"

Maji yalishuka ngazi kwa ngazi yakifanya povu, yakafika kibarazani. Na hapo yakasimama. Yalipanda juu ya zulia, yakazunguka viatu vya Édouard, yakatafuta njia, yakaipata. Taratibu, bila aibu, yakapita chini ya mlango wa kulia, yakaingia tvättstuga.

"Acheni!" Arielle aliita.

Alishuka. Akasimama ukingoni mwa zulia, akaliangalia. Nami nilipouona uso wake nikajua ameshaona, na kwamba alichokiona kinamwuma.

Lazima niwaeleze hilo zulia. Ni jekundu, nene, lina mpira chini. Lilitandikwa vuli iliyopita kwenye harusi ya Natacha, wa mwisho kuolewa kanisani kwetu, na baada ya harusi Mama Godelieve alilikata kipande kizuri akakiweka pale chini ya ngazi, ili kila anayeshuka kuja kwetu, awe tajiri au mwenye dhiki, akanyage zulia jekundu. Alilipiga brashi kila Jumamosi. Hakuna aliyeruhusiwa kulikanyaga na theluji bila kukung'uta kwanza.

"Mama Godelieve," Arielle alisema kwa sauti ndogo, "naomba ruhusa niinue zulia lako."

"Zulia langu? Limefanya nini?"

"Naomba tu, mama."

Akainama, akashika pembe, akavuta. Lilitoka kama linabanduliwa, *shwaa*. Chini yake palikuwa na chujio kubwa la chuma, la kupokea maji yote ya ngazi. Maji yalipoliona hayakungoja kuambiwa. Yalizunguka, yakapiga mluzi, gluu, gluu, gluu, yakazama. Kibaraza kikabaki kikavu, na Édouard katikati na mwavuli wake.

 Mama Godelieve alikuwa anatazama kile chuma kama mtu anayetazama nyoka aliyelala naye.

"Ndiyo mimi?" alisema. "Maji yote yale? Mashuka ya watu? Ndiyo mimi?"

"Mama, hata mimi," Arielle alisema. Machozi na kicheko vilikuwa vinagombania uso wake. "Kazi yangu ni kutafuta mashimo ya maji. Kila Jumapili nimepangusa viatu juu ya hili, sikuliona!"

"Niliona chuma kile kibaya. Nikasema mgeni asikanyage chuma baridi."

Dominic aliketi kwenye ngazi zilizolowa, suruali yake na yote, akajishika tumbo. "Mimi nimelipita hili zulia kila siku," alisema. "Kila siku, mama! Nikisema moyoni, hawa watu wa kanisa wana heshima!"

Nora alisema jambo kwa Kisweden, na Arielle akatutafsiria huku anamkumbatia Mama Godelieve.

"Anasema ameona mafuriko ya theluji na mafuriko ya majani makavu. Haya ya ukarimu ni mara yake ya kwanza."

Hapo hata Mama Godelieve alicheka, akampiga Arielle mgongoni kwa kitenge. Dominic akasimama, akatoa hukumu yake: kisima kibaki, zulia liondoke, na ile sabuni wasinunue tena kwa makopo makubwa.

"Liende wapi sasa?" Mama Godelieve aliuliza. Akageuka polepole, na sote tukageuka naye, tukamtazama mume wangu chini ya mwavuli.

Édouard alirudi nyuma hatua moja. Nyuma palikuwa na ukuta.

"Yale maji yana rangi," alijaribu.

"Tutayatoa, Papa," Arielle alimwambia. "Tutaweka mapya."

"Ya moto?"

"Ya moto."

"Moto wa kweli, au moto wa Kisweden?"

"Papa, utadhani ni supu."

Aliwatazama mama wote wenye ndoo mikononi. Alinitazama mimi. Nilikuwa nimeshasema mengi siku ile. Akafunga mwavuli wake taratibu, akaukung'uta.

"Basi," alisema, "mtu anitafutie taulo kubwa."

Jumapili zulia lilikuwa limekauka, limeungwa na vipande vyake vilivyobaki vya harusi, limetandikwa kutoka kiti cha nyuma hadi ukingo wa kisima. Édouard alilipita lote na kanzu yake, ametembea kama bwana harusi, kifua mbele, na kwa kila hatua aliitikia kwa kichwa kulia na kushoto. Maji yalikuwa yanatoa mvuke. Pasta Zénon alimshika mgongo, akamzamisha, na nilipoona uso wake umepotea chini ya maji nilishika mkono wa Mama Godelieve nikaufinya mpaka akalia. Akaibuka! Akaibuka anapumua kama kiboko, maji yanamwagika, na kanisa likapasuka.

Ndipo watoto waliokaa mbele, ambao tangu asubuhi walikuwa wanamsumbua Arielle awaonyeshe taa, wakamvuta tena. Akaitoa mkobani. Akaiwasha tu, bila nia, ikamwangukia Papa Édouard.

Ndevu zake zikawaka kijani.

Ilikuwa imebaki chembe kwenye pembe za vigae, chembe ambayo jicho lisingeiona kamwe. Lakini taa iliiona. Ndevu zile nyeupe, nyusi, na nywele mbili tatu za kichwani, zote kijani cha majani mapya!

"*Han lyser!*" watoto walipiga kelele. Anang'aa!

"Nina nini?" Édouard aliuliza, anajishika kidevu. "Mama Jonathan, nina nini?"

Nilishindwa kumjibu kwa kicheko. Mtu alimpa kioo. Alijitazama muda mrefu, akageuza shavu hili, akageuza lile, na nilidhani atakasirika. Lakini midomo ilianza kumtetemeka, na machozi yakaanza kushuka, mengi, yakipita mashavuni na kuingia ndevuni.

Arielle alishuka ngazi moja ya kisima na viatu vyake vya ibada. Alimmulika usoni, akaufuata ule mfereji mdogo wa maji kutoka jichoni hadi kidevuni, kama afanyavyo kazini. Kisha akanigeukia kwa sauti yake ya ofisi.

"Tantine, nimepata. Hapa panavuja."

"Paache," mume wangu alisema. "Paache pavuje."